Daktari Carothers na Ubongo wa Mwafrika

Napenda kuwasimulia kwa ufupi maisha ya Daktari John Colin Carothers. Alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1903, akafika Kenya mwaka 1929 kuwa daktari wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1938 alikabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akaiongoza hadi mwaka 1950.

Siku hizo huko Ulaya baadhi ya wagonjwa wa akili walikatwa nyuzi ziunganishazo sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu nyingine. Wengi walibadilika tabia, wakapoteza bidii na kutofikiria kesho. Carothers alidai ya kwamba Mwafrika asiye mgonjwa hufanana na Mzungu aliyekatwa hivyo, kwani sehemu hiyo huitumia kidogo. Shirika la Afya Duniani lilikitoa kitabu chake mwaka 1953.

Alikosea. Wakati ule hapakuwa na chombo cha kuziona nyuzi hizo katika mtu aliye hai. Daktari Lambo wa Nigeria alimpinga vikali.

Nami nina shahidi wangu. Bibi yangu, hapa Gungu, huuza dagaa. Hakusoma, lakini kila giza huweka akiba ya siku za mbalamwezi, wavuvi wasipoingia ziwani. Je, huyo hafikirii kesho?

Carothers alifariki mwaka 1989. Basi wenzangu, tutakaokuwa madaktari tusiseme neno juu ya ubongo wa mtu kabla ya kuupima.