Makhan Singh na Serikali ya Labour
Hayati Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akahamia Kenya mwaka 1927. Kuanzia mwaka 1935 alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi, na wafanyakazi wa Mombasa walipogoma mwaka 1939 aliwaunga mkono. Aliporejea kutoka India mwaka 1947 kupitia Mombasa, serikali ya kikoloni ilitaka kumfukuza. Ilhali London ilitawaliwa na chama cha Labour, kilichoasisiwa na vyama vya wafanyakazi! Tarehe 23 Aprili 1950, mjini Nairobi, alidai uhuru hadharani. Mwezi uliofuata alikamatwa, akazuiliwa hadi Oktoba 1961. Kenya huru haikumpa cheo. Akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi, iliyochapishwa mwaka 1969, akafariki mwaka 1973.