Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi

Ukisikia mtu ni mwanasayansi mashuhuri usidhani alizaliwa kwa tajiri. Michael Faraday alizaliwa karibu na London, Uingereza, mwaka wa 1791. Babake alikuwa mhunzi, tena mwenye maradhi ya mara kwa mara, na chakula nyumbani kilikuwa cha taabu. Shuleni alipata kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi.

Alipofika miaka 14 aliwekwa kwa mjalidi vitabu ajifunze kazi. Kumbe kijana hakuwa anajalidi tu, alikuwa anavisoma pia! Mwaka wa 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tikiti za kumsikiliza Humphry Davy, bingwa wa kemia. Faraday aliandika mafunzo yote, akayajalidi vizuri, akampelekea Davy mwenyewe. Mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa msaidizi katika maabara.

Wakati huo ilikuwa imejulikana, tangu 1820, kwamba umeme ukipita kwenye waya huvuta sindano ya dira. Faraday akataka kinyume chake: sumaku itoe umeme. Alijaribu miaka mingi, wapi! Aliweka sumaku karibu na waya, vyote vikatulia, na umeme haukuonekana.

Siku moja ya Oktoba 1831 akaisukuma sumaku ndani ya waya uliozungushwa mara nyingi. Sindano ya kipimo ikaruka. Akaivuta nje, ikaruka upande wa pili. Akiiacha imetulia humo, sindano nayo inatulia. Kumbe siri ilikuwa mwendo! Hata dinamo ya baiskeli inafanya hivyo hivyo: gurudumu linazungusha sumaku karibu na waya, taa inawaka. Ukisimama, giza.

Jambo moja lilinishangaza. Faraday hakujua hesabu ngumu. Alichora mistari ya nguvu kuizunguka sumaku, na miaka mingi baadaye James Clerk Maxwell ndiye aliyeigeuza michoro hiyo kuwa hesabu. Nasema hivi kwa sababu sisi wa kidato cha tatu tunachagua masomo, na wenzangu wengi wanaitoroka fizikia wakiogopa hesabu zake. Mimi nimebaki.

Alikataa kupewa cheo cha heshima cha kifalme. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867, akiitwa Bwana Faraday tu.