Gabor Aliwahi, Mwanga Ukachelewa

Wengi wetu tunamjua Dennis Gabor kwa jina tu, kwenye somo la fizikia. Mimi maisha yake yananipa moyo kweli.

Alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1900. Akasomea uhandisi Berlin, akapata kazi Siemens. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, Gabor, mwenye asili ya Kiyahudi, akaondoka. Mwaka uliofuata alikuwa Uingereza, kwenye kampuni ya umeme mjini Rugby.

Huko, mwaka 1947, alihangaika na hadubini ya elektroni, ambayo lenzi zake zilipotosha picha. Badala ya kutafuta lenzi bora, akaikwepa kabisa. Mawimbi yaliyogonga kitu yakikutana na yaliyopita pembeni, hutokea michirizi. Ukiinasa michirizi hiyo, unaweza kuijenga picha upya.

Shida ikawa taa. Taa yake ya zebaki ilitoa picha hafifu, na wengi wakaipa kisogo kazi hiyo. Leza ilipokuja mwaka 1960, holografia ikafufuka. Mwaka 1971 akapewa Nobel, ana miaka 71. Alifariki London mwaka 1979.

Leo kuna hadubini za kubeba mkononi zisizo na lenzi: taa, sampuli, kihisi cha kamera, kisha kompyuta inajenga picha. Njia ni ileile ya Gabor.

Kwa hiyo, wewe unayeambiwa wazo lako la mradi halina vifaa, liandike hivyohivyo. Gabor alichapisha lake mwaka 1948, miaka 12 kabla ya leza.