Maisha ya Friedl Dicker-Brandeis, Mwalimu wa Kuchora

Friedl Dicker alizaliwa tarehe 30 Julai, mwaka wa 1898, katika mji wa Vienna, mji mkuu wa Austria. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, wala hawakuwa matajiri. Alipokuwa na umri wa miaka minne mama yake alifariki, naye akabaki katika malezi ya baba yake. Baba huyo alikuwa mwuzaji katika duka la karatasi na vifaa vya kuandikia. Basi mtoto Friedl hakuwa na vitu vingi vya kuchezea, lakini karatasi, kalamu na rangi alizijua tangu utoto wake, akazipenda kuliko kitu kingine cho chote.

Alipokuwa msichana alijifunza kazi ya kupiga picha na ya kupiga chapa, kisha akaingia chuo cha kazi za mikono ajifunze kufuma na kutarizi. Katika chuo hicho alimkuta mwalimu mmaarufu, jina lake Franz Cižek. Siku zile katika shule nyingi za Ulaya watoto walifundishwa kuchora kwa kuiga tu. Mwalimu alichora jagi ubaoni, na kila mtoto akachora jagi lile lile, na aliyekosea mstari mmoja alirudishwa nyuma. Cižek aliikataa desturi hiyo. Alifundisha ya kuwa mtoto ana macho yake na mawazo yake, na ya kuwa picha ya mtoto haipaswi kuhukumiwa kana kwamba ni picha ya mtu mzima iliyoharibika. Neno hilo lilimwingia Friedl moyoni, wala halikutoka tena.

Baadaye alimfuata mwalimu mwingine, Johannes Itten, na mwaka wa 1919 akaenda pamoja naye mpaka mji wa Weimar katika nchi ya Ujerumani. Huko kilikuwa kimefunguliwa chuo kipya kilichoitwa Bauhaus, ambapo mafundi na wasanii walifundishwa pamoja. Itten aliwazoeza wanafunzi wake kwa njia ambayo watu wengine waliistaajabia. Kabla hawajashika kalamu, aliwaambia wasimame, wavute pumzi, wanyoshe mikono. Aliwapa vipande vya mbao, kitambaa, manyoya na karatasi, wavipapase mpaka wajue tofauti ya kilaini na kikavu, ya kizito na chepesi. Kisha wavipange na kuvibandika viwe picha moja. Friedl alikaa huko mpaka mwaka wa 1923, akajifunza pia kufuma, kupiga chapa na kujalidi vitabu.

Alipotoka chuoni alifanya kazi Berlin, kisha akarudi Vienna, pamoja na rafiki yake Franz Singer. Walibuni nyumba, viti, meza na vitambaa, na sifa zao zikaenea. Hata shule moja ya watoto wadogo mjini Vienna ilipambwa na kupewa vyombo kwa ubunifu wao. Kama angalitaka kuishi kwa raha tu, kazi ile ingalimtosha.

Lakini siku za hatari zilikuwa zinakaribia. Friedl alikuwa mkomunisti, na mwaka wa 1934 alikamatwa kwa ajili ya siasa, akatiwa gerezani. Alipoachiliwa alihamia Prague, katika nchi ya Chekoslovakia. Katika mji ule walikuwako watoto wengi ambao wazazi wao walikimbia utawala wa Hitler. Watoto hao walikuwa wageni, na wengine walijaa hofu. Friedl akaanza kuwafundisha kuchora. Hapo aliona jambo ambalo lilimwongoza tangu siku ile: mtoto asiyeweza kueleza huzuni yake kwa maneno, mara nyingi huweza kuieleza kwa mistari na rangi; na akisha kuieleza, hupata nafuu.

Mwaka wa 1936 aliolewa na Pavel Brandeis, karani wa hesabu. Miaka miwili baadaye walihamia mji mdogo wa Hronov. Friedl alipata ruhusa ya kwenda Palestina, mahali ambapo angalikuwa salama, lakini mumewe hakupata ruhusa hiyo. Friedl akakataa kumwacha, akabaki. Mwezi wa Machi, 1939, majeshi ya Ujerumani yakaingia Prague. Wayahudi wakaanza kunyang'anywa haki zao moja moja: kazi, mali, shule za watoto wao. Tangu Septemba, 1941, waliamriwa kushona nyota ya manjano kwenye nguo zao.

Mwezi wa Desemba, 1942, amri iliwafikia Friedl na mumewe wajitayarishe kwa safari. Kila mtu aliruhusiwa kuchukua kilo 50 za mizigo, si zaidi. Majira yalikuwa ya baridi kali, nao hawakujua watakaa huko kwa muda gani. Watu wengi katika hali ile walichukua nguo nzito, mablanketi na chakula. Friedl aliwaza juu ya watoto atakaowakuta huko, akajaza mizigo yake karatasi, rangi na kalamu.

Walipelekwa Terezín. Mji huo ulijengwa kuwa ngome ya askari mwisho wa karne ya 18, nao una maboma marefu pande zote. Wanazi waliugeuza kuwa kifungo cha Wayahudi. Mahali palipojengewa askari elfu chache palisongamana watu makumi ya maelfu. Chakula kilikuwa kidogo, chawa na maradhi vilikuwa vingi, na mikate ilisukumwa njiani kwa magari yale yale yaliyochukua maiti. Katika miaka ya vita zaidi ya watu 140,000 walipitishwa katika mji huo. Watu 33,000 hivi walifia palepale, na wengi zaidi walipelekwa mbele kwenye kambi za mauti.

Watoto wengi waliwekwa katika nyumba zao mbali na wazazi, wakilala juu ya vitanda vya mbao vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Wanazi walikataza wasifundishwe masomo ya shule. Lakini kuimba na kuchora hawakukuzuia, maana walivihesabu kuwa vitu visivyo na maana. Katika jambo hilo walikosea sana. Friedl alikaa katika nyumba ya wasichana, na huko akafungua darasa lake.

Vifaa alivyokuja navyo havikutosha kwa muda mrefu. Basi watoto walitumia karatasi kuukuu za ofisini, zilizokwisha kuandikwa upande mmoja, na karatasi za kufungia vitu. Walizikata, wakazichana, wakazibandika ziwe milima, nyumba, miti na mawingu. Karatasi yenye mistari ya hesabu iligeuka shamba lililolimwa. Karatasi ya bluu ikawa mto. Hivyo walijifunza ya kuwa fundi mwema hangoji mpaka apate vitu bora, bali huangalia kwa makini kile alicho nacho mkononi.

Mafundisho yake yalikuwa na utaratibu. Mara nyingi alianza kwa kupiga mapigo, ya haraka au ya polepole, na watoto wakaifuatisha sauti ile kwa kalamu, wakichora mistari na duara mpaka mkono ulegee na woga uondoke. Kisha aliweka kitu mbele yao, kama vile kiatu cha mbao, chungu cha maua au chombo cha chakula, wakitazame vizuri. Siku nyingine aliwaonyesha nakala za picha za wachoraji wakubwa, ili waone jinsi mwanga na giza vinavyopangwa. Na siku nyingine aliwaacha kila mmoja achore alilolitaka. Yeye mwenyewe hakuchukua kalamu ya mtoto amsahihishie picha. Aliona ya kuwa mwalimu akimalizia picha ya mtoto, picha imekuwa ya mwalimu, na mtoto amenyang'anywa kitu chake.

Jambo moja alilisisitiza: kila mtoto aandike jina lake juu ya kazi yake. Agizo hilo ni dogo, lakini lilikuwa na uzito mkubwa mahali pale. Katika orodha za Wanazi watoto wale walikuwa nambari. Juu ya karatasi zao walikuwa watu, kila mmoja na jina lake na mkono wake.

Watoto walichora nini? Wengi walichora mambo ya nyumbani: meza ya chakula siku ya sikukuu, mama akipika, bustani, maua, vipepeo. Wengine walichora yale waliyoyaona Terezín: vitanda virefu, wagonjwa, watu waliosimama mstarini wakingoja supu, askari mlinzi. Friedl hakuwalazimisha kuchora furaha, wala hakuwakataza kuchora huzuni. Mwaka wa 1943 yalifanyika maonyesho ya picha zao katika chumba cha chini ya nyumba, na Friedl akawaeleza walezi wengine juu ya michoro ya watoto. Aliwafundisha ya kuwa shabaha yake haikuwa kumfanya kila mtoto awe mchoraji. Alitaka kuzihifadhi nguvu za ndani za mtoto, yaani uwezo wa kuona, wa kuchagua na wa kuumba, ili adui asiziue hata kama ameufunga mwili.

Mwisho wa Septemba, 1944, Pavel alipelekwa mbali kwa gari la moshi pamoja na wanaume wengi. Friedl akaomba mwenyewe aende katika safari nyingine, akidhani atamkuta mumewe. Kabla ya kuondoka alizikusanya picha za watoto, karibu 4,500, zikatiwa katika masanduku mawili na kufichwa. Tarehe 6 Oktoba aliondoka Terezín, na baadhi ya wanafunzi wake walikuwamo katika safari ile ile. Walipelekwa Auschwitz, katika nchi ya Polandi iliyotekwa na Wajerumani. Tarehe 9 Oktoba, 1944, Friedl aliuawa huko kwa hewa ya sumu, akiwa na umri wa miaka 46. Pavel aliokoka, akaishi baada ya vita.

Vita vilikwisha Mei, 1945. Mwaka ule ule yale masanduku mawili yalipelekwa Prague na Willy Groag, mmoja wa walezi waliosalia, akayatia mikononi mwa Wayahudi wa mji huo. Yalipofunguliwa, picha zilikuwa salama. Watoto waliozichora, wengi wao walikuwa wamekwisha kuuawa. Kwa baadhi yao karatasi moja au mbili ni kumbukumbu pekee waliyoiacha duniani. Lakini kwa sababu mwalimu wao aliwaagiza waandike majina, watu waliweza kujua picha nyingi zilichorwa na nani, wakatafuta habari za maisha yao.

Picha hizo zimetunzwa na Jumba la Makumbusho la Kiyahudi mjini Prague, na nyingine huonyeshwa katika sinagogi la Pinkas. Njia ya Friedl nayo haikufa. Edith Kramer, aliyekuwa mwanafunzi wake na kumsaidia kufundisha watoto wakimbizi Prague, alihamia Marekani mwaka wa 1938. Huko akawa mmoja wa watu wa kwanza waliotumia kuchora na kufinyanga kwa kuwaponya watoto wenye majonzi, akawafundisha wengine kazi hiyo kwa miaka mingi.

Friedl Dicker-Brandeis hakuwa na silaha, wala hakuweza kuuvunja ukuta wa Terezín. Alikuwa na karatasi kuukuu, rangi kidogo, na imani ya kuwa kazi ya mikono ya mtoto si mchezo wa kupitisha wakati. Mtoto akitazama kitu kwa macho yake mwenyewe, akakichora kwa mkono wake mwenyewe, na kuandika jina lake chini yake, amefanya jambo ambalo hakuna mtu mwingine angaliweza kulifanya badala yake.