Malcolm X na chuo chenye jina lake

Muhula uliopita, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alinifuata baada ya kipindi. Aliniambia anataka kuwa daktari. Nilikuwa nimetoka kusahihisha mtihani wake wa baiolojia na alikuwa amepata 19. Nikamshauri, tena kwa upole kabisa, atafute kitu kinachoendana na uwezo wake, kama ufundi hivi. Akaitikia, akaondoka. Wiki zote zilizobaki hakunyoosha mkono tena kwenye kipindi changu.

Niliporudi chuoni nikakaa na maisha ya Malcolm X, na humo nikakutana na mwalimu mwenzangu.

Malcolm Little alizaliwa tarehe 19 Mei 1925 mjini Omaha, jimbo la Nebraska, Marekani. Baba yake, Earl, alikuwa mhubiri na mfuasi wa Marcus Garvey. Mama yake, Louise, alitokea kisiwa cha Grenada. Mwaka 1931 baba alikufa baada ya kukanyagwa na tramu. Serikali ilisema ni ajali, lakini familia iliamini Wazungu wabaguzi ndio waliomuua. Mama alibaki na watoto wengi na umaskini mkubwa, akili ikamchoka, na mwaka 1939 akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Alikaa huko zaidi ya miaka 20. Watoto wakagawanywa huku na huko.

Malcolm akapelekwa kuishi mji mdogo wa Mason, Michigan. Darasani kwao karibu wote walikuwa Wazungu, lakini dogo alikuwa kichwa. Alama zake zilikuwa za juu, na wenzake walimchagua kuwa kiongozi wa darasa. Siku moja mwalimu wake wa Kiingereza alimuuliza angependa kuwa nani. Akajibu kwamba anataka kuwa mwanasheria. Mwalimu akamweleza kwamba kwa mtu mweusi hiyo ni ndoto isiyotekelezeka, bora awe fundi seremala kwa sababu mikono yake ni mizuri. Kilichomuuma zaidi ni kwamba wenzake Wazungu waliokuwa nyuma yake kwa alama walitiwa moyo wafuate walichotaka.

Useremala ni kazi ya heshima, hilo tusibishane. Ila mwalimu yule hakuwa anamwonyesha kazi. Alikuwa anamfungia mlango. Malcolm alimaliza darasa la nane, na shule kwake ikaishia hapo.

Mwaka 1941 akahamia Boston kwa dada yake Ella. Akang'arisha viatu, akafanya kazi kwenye treni, kisha akaingia Harlem na mambo ya mtaani: kamari, dawa za kulevya, wizi. Mwaka 1946, akiwa na miaka 20, alihukumiwa kifungo cha miaka 8 hadi 10 kwa wizi wa majumbani.

Huko jela ndiko alikosoma. Mfungwa mmoja mkubwa kwake, aliyeheshimika kwa maarifa, alimshawishi atumie kichwa chake. Mwaka 1948 alihamishiwa gereza la Norfolk lililokuwa na maktaba kubwa na midahalo ya wafungwa. Alipogundua kwamba hata barua ya kueleweka inamshinda, akachukua kamusi na kuanza kuinakili kwa mkono, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Taa zilipozimwa usiku alisoma kwa mwanga wa korido, na akisikia hatua za askari anaruka kitandani kujifanya amelala. Alisoma historia, falsafa na dini. Ile miwani tunayoiona kwenye picha zake, mwenyewe aliamini aliipata kwa kusoma gizani namna hiyo.

Alitoka jela mwaka 1952 akiwa mfuasi wa Nation of Islam, na ile X ikachukua nafasi ya jina ambalo babu zake walipewa na waliowamiliki. Ndani ya miaka michache akawa msemaji anayejulikana nchi nzima. Maneno yake yalikuwa makali, mengine aliyajutia baadaye. Mwaka 1958 alimuoa Betty Sanders. Machi 1964 aliachana na Nation of Islam, Aprili akaenda Hija, na huko Makka akala sahani moja na Waislamu weupe, jambo lililomfanya abadili msimamo wake kwamba kila Mzungu ni adui.

Mwaka huohuo alizunguka Afrika. Oktoba 1964 alifika Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere, kisha akaenda Kenya. Chuo Kikuu pale Dar kilikuwa kimeanza miaka mitatu tu nyuma, 1961, na fani ya kwanza kufundishwa ilikuwa sheria. Yaani kijana aliyeambiwa mweusi hawezi kuwa mwanasheria alifika kwenye nchi ambayo ilianza elimu ya chuo kikuu kwa kuandaa wanasheria weusi.

Tarehe 21 Februari 1965 alipigwa risasi akiwa jukwaani ukumbi wa Audubon, New York, mbele ya mke wake na watoto. Alikuwa na miaka 39.

Sasa twende Chicago. Magharibi mwa mji huo kulikuwa na chuo cha umma kilichoanza mwaka 1911 ndani ya majengo ya sekondari ya ufundi ya Crane. Wamarekani wanaviita vyuo vya jamii: unasoma miaka miwili, unatoka na cheti cha kazi au unahamia chuo kikuu, ada ni nafuu, na mlango uko wazi hata kwa mtu ambaye matokeo yake ya sekondari hayakuwa mazuri. Mwaka 1933 kilifungwa kwa sababu pesa zilikauka wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Mwaka uliofuata masomo yakarudi, safari hii kwenye jengo la shule ya Herzl. Wakazi wa eneo lile walibadilika, Wazungu wakahama, weusi wakaongezeka. Aprili 1968 Martin Luther King alipouawa, mitaa ya magharibi iliwaka moto. Wanafunzi weusi na watu wa mtaa walitaka chuo kinachowahusu, na mwaka 1969 kikaitwa Malcolm X College.

Leo kina jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2016, karibu na mahospitali makubwa ya mji, na masomo yake makuu ni ya afya: uuguzi, picha za mionzi, huduma za dharura. Pia kuna madarasa ya watu wazima wanaotafuta cheti cha sekondari, na ya Kiingereza kwa wahamiaji. Tusidanganyane, jina peke yake halimalizi shida. Kwenye vyuo vya namna hii wengi wanaoingia hawamalizi, maana wanasoma huku wanafanya kazi, wanalea, na nauli inapiga chenga. Lakini mtu anaweza kurudi mara ya pili, na hakuna atakayemuuliza kwanza alipata ngapi darasa la nane. Malcolm hakuwa na nafasi ya pili ila gereza. Isiwe lazima mtu afungwe ndipo apate maktaba.

Mjane wake aliielewa hiyo. Betty Shabazz alilea mabinti sita huku akisoma, akapata udaktari wa elimu mwaka 1975, kisha akafanya kazi Medgar Evers College, chuo cha umma mjini Brooklyn.

Wenzangu wa ualimu, sisi tunasoma saikolojia na mbinu za kufundisha, lakini neno tunalolisema koridoni halimo kwenye andalio la somo. Mimi nililisema vibaya. Bumu likitoka nitapanda basi nirudi shule ile. Nitamweleza yule kijana kwamba 19 ni alama ya mtihani mmoja, kwamba wapo waliofika udaktari kwa kupitia cheti na diploma, na kwamba nimekuja na daftari tuanze sura ya kwanza ya baiolojia pamoja.