Kabla ya urais, Kenyatta alisomea uchumba

Wewe wa Pumwani unayesoma chuoni jinsi binadamu wanavyochaguana kimapenzi, jua Jomo Kenyatta alikutangulia. Miaka ya 1920 alikuwa akisoma mita za maji hapa Nairobi. Miaka ya 1930 akaenda kusomea anthropolojia London, mwalimu wake akiwa Bronisław Malinowski. Kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya, kinaeleza kuwa katika jamii ya Agikuyu vijana walichaguana wenyewe bila wazazi kuingilia. Msichana akikataa, posa imekufa. Mzee mwenyewe alioa wake wanne, akaaga dunia 1978.

Kwa hivyo kijana, mrembo akikukataa pale Majengo, usidai ni mambo ya kizungu ya juzi. Ni mila hiyo. Kubali, uendelee na maisha.