Christian Doppler: Aliyetufungulia Njia ya Kusikia Damu Ikitembea

Mama mjamzito, au wewe unayemtunza mjamzito nyumbani, huenda jina Doppler umeshalisikia kliniki. Muuguzi anapaka jeli tumboni, anaweka kimashine kidogo, na mapigo ya moyo wa mtoto yanasikika chumba kizima. Wengi hudhani Doppler ni jina la mashine tu. Ni jina la mtu. Alifariki zaidi ya miaka 170 iliyopita, bila kujua kwamba kazi yake ingefika kwa wajawazito. Ukimfahamu, utaelewa kipimo hiki kinafanya nini na kwa nini usikiogope.

Mtoto wa fundi mawe

Christian Doppler alizaliwa tarehe 29 Novemba 1803 mjini Salzburg, Austria, katika ukoo wa mafundi mawe. Sisi wa Mwanza tunaishi katikati ya miamba na tunawaona kina mama wanaoponda kokoto, kwa hiyo ugumu wa kazi ya mawe tunaujua. Afya ya Christian ilikuwa dhaifu na kazi hiyo asingeiweza. Akapelekwa shule, na huko akaonekana ana kipaji cha hesabu.

Elimu haikumpa maisha rahisi. Alihangaika kupata kazi ya kudumu ya kufundisha, akafanya kazi ya kutunza hesabu katika kiwanda cha nyuzi za pamba. Mwaka 1835 aliuza vitu vyake ili ahamie Marekani. Kabla hajaondoka, alipata kazi ya ualimu Prague. Mwaka 1836 alimwoa Mathilde, nao wakajaliwa watoto watano.

Wazo lake

Simama kando ya barabara ya Shinyanga hapa Mkolani. Basi likija huku linapiga honi, sauti yake ni nyembamba. Likishakupita, sauti inakuwa nzito. Dereva hajabadilisha honi. Basi linapokujia, mawimbi ya sauti hubanana. Linapokwenda mbali, huachana.

Tarehe 25 Mei 1842 Doppler aliieleza kanuni hii mbele ya wanasayansi wa Prague, akizungumzia mwanga wa nyota. Kuhusu rangi za nyota alikosea, lakini kanuni yenyewe ilikuwa sahihi. Mwaka 1845 mwanasayansi wa Uholanzi, Buys Ballot, aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni na kuweka wanamuziki kando ya reli wasikilize. Sauti ilibadilika kama Doppler alivyosema.

Hata hivyo, mwaka 1852 mwanahisabati Josef Petzval alimpinga hadharani mjini Vienna. Wakati huo Doppler aliongoza taasisi ya fizikia ya chuo kikuu cha Vienna, lakini mapafu yalikuwa yanamsumbua sana. Alikwenda Venice akitafuta hali ya hewa nzuri zaidi. Huko alifariki tarehe 17 Machi 1853, akiwa na miaka 49.

Kutoka kwenye nyota hadi kwenye mishipa

Damu nayo hutembea kama lile basi. Miaka ya 1950 nchini Japani, Shigeo Satomura na wenzake walituma mwilini mawimbi ya sauti ambayo sikio haliwezi kuyasikia, kisha wakapima yanavyorudi. Damu inayokuja na inayokwenda huyabadilisha mawimbi hayo, na mashine huonyesha kasi yake. Mwaka 1977 madaktari wa Dublin, Ireland, walieleza jinsi walivyopima damu inayopita kwenye kamba ya kitovu cha mtoto aliye tumboni.

Kipimo hicho hutumika pia maabara kuchunguza ugonjwa wa ateri, yaani mishipa inayotoa damu kwenye moyo. Mafuta hujijenga ndani ya ukuta wa mshipa polepole, bila maumivu, na kwa binadamu huchukua miaka mingi. Panya kwa kawaida hawaupati kirahisi, lakini tangu mwaka 1992 wapo panya wadogo waliobadilishwa vinasaba ambao huupata ndani ya miezi michache.

Ili kuuchunguza mshipa kwa karibu, kawaida ilikuwa kumuua panya. Kwa altrasaundi, analazwa kwa dawa ya usingizi, ananyolewa manyoya, anapakwa jeli, na mshipa unapimwa. Baada ya wiki kadhaa anapimwa huyohuyo tena. Mshipa ukiwa mwembamba, damu hupita kwa kasi zaidi pale palipobana, kama maji unapobana mdomo wa mpira. Hivyo watafiti hufuatilia kama dawa au chakula fulani kinapunguza ugonjwa.

Haya yanakuhusu vipi?

Mishipa inaweza kuharibika wakati mtu anajiona mzima. Kwa mjamzito, presha ikipanda, damu inaweza kupungua kwenye kondo la nyuma, na mtoto akakosa chakula na hewa ya kutosha. Daktari akikuandikia kipimo cha Doppler, mara nyingi anataka kujua damu inamfikiaje mtoto.

Kipimo hiki hakitumii mionzi kama eksirei. Ni sauti. Kinapofanywa na mtaalamu, kwa muda mfupi na kwa sababu ya kitabibu, hakijaonekana kumdhuru mtoto. Usinunue kimashine cha kujipima nyumbani. Unaweza kusikia mapigo yako mwenyewe ukadhani ni ya mtoto, ukachelewa kwenda hospitali.

Fanya haya:

- Anza kliniki mapema na usiruke hudhurio.
- Hakikisha unapimwa presha kila unapokwenda, na uulize namba yako. Ikifika 140/90 au zaidi, unahitaji kufuatiliwa.
- Punguza chumvi kwenye chakula cha familia nzima. Dagaa na samaki waliotiwa chumvi, waroweke na uwaoshe kabla ya kupika.
- Bibi na babu wanaokaa nawe nao wapimwe presha, hata kama hawaumwi.

Nenda kituo cha afya mara moja, hata usiku, ukipata kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso au mikono kuvimba ghafla, maumivu chini ya mbavu, degedege, au mtoto kupunguza kucheza. Hizi zinaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba au za mtoto kuwa hatarini. Usisubiri tarehe ya kliniki.